Mlevi Asiyeonja Pombe

Ukitaka kujua Kahama ina madaktari wangapi, sema una kizunguzungu, halafu nyamaza. Muuza nyanya atakuambia hunywi maji ya kutosha. Jirani atakuambia umepungukiwa damu, uchemshe rozela. Dereva wa bajaji, kabla hujakaa vizuri, atakuambia ni presha, mama yake alikuwa hivyo hivyo na akapona kwa kitunguu saumu. Mimi nimekunywa hayo maji, na rozela, na kitunguu saumu nikakitafuna kikiwa kibichi mpaka wateja wakawa wananisalimia wakiwa mbali. Kizunguzungu kilibaki pale pale.

Kilianza baada ya mafua ya kawaida, yale ya vumbi la kiangazi ambayo hayamzuii mtu kwenda kazini. Mafua yalipokaribia kuisha, asubuhi moja niliinama kupepea jiko la mkaa nyumbani kwetu Nyahanga, na nilipoinua kichwa nyumba ikaanza kuzunguka. Sisemi niliona giza, wala sisemi niliishiwa nguvu. Kila ninayemsimulia huwa anadhani nasema hivyo. Nasema nyumba ilizunguka. Ukuta wa jiko ulikwenda kushoto, ukaruka ukarudi, ukaenda tena kushoto, na haukuacha. Nilishika sakafu kwa viganja vyote viwili kama mtu anayeogopa kudondoka kutoka juu ya paa, na hapo ndipo nilipotapika.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Alikuwa amekuja kwetu miezi kadhaa nyuma kutolewa mtoto wa jicho, jicho likapona, naye akaona hana haraka ya kurudi kijijini. Aliweka ungo chini, akanishika kichwa.

Aliniambia nitapike nisione aibu, ametapikiwa na wengi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini na ya furaha kidogo, siku zangu nilizipata lini. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na mtoto wa mwisho yuko sekondari. Hata katika hali ile, nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, nilikasirika.

Mume wangu hakuwepo. Ni fundi umeme kwenye mgodi huko Geita, anakaa kambini kwa zamu na kurudi nyumbani akipewa mapumziko. Kwa hiyo ni mama mkwe aliyenipeleka zahanati kwa bajaji, mimi nimefumba macho, yeye amenikumbatia kama furushi. Walipima, wakaona malaria. Wakanitundikia dripu na kunipa dawa. Juma lililofuata nilirudi nikiwa bado siwezi kugeuka kitandani bila kutapika, nikapimwa, nikaambiwa ni taifodi. Nikameza dawa za taifodi. Safari ya tatu, kwenye hospitali nyingine, wakasema mkojo una maambukizi, na daktari wa nne, mtu mwenye haraka, hakupima kitu. Alinitazama akaniambia ni mawazo, au ni umri, wanawake wa umri wangu huwa wanapata hali hizi. Akaniandikia vidonge vya kuzuia kizunguzungu, nimeze kila nikijisikia vibaya. Nilivimeza miezi mingi.

Ule mzunguko wa mwanzo uliisha wenyewe. Ulichoacha ndicho ninachoishi nacho mpaka leo, na ndicho kigumu zaidi kukieleza. Ardhi ilikuwa laini, kana kwamba mtu ametandika godoro chini ya mji mzima. Nikigeuza kichwa, macho yalifika kwanza na vitu vikafika baadaye. Nikisimama kando ya barabara kuu, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yakipita, ilikuwa kama yenyewe yamesimama na mimi ndiye ninayeondoka. Nilitembea nimetanua miguu kama bata, karibu na kuta, na mkono ukitafuta kitu cha kugusa. Kwa mtu anayenitazama kwa nyuma, nilikuwa nimelewa.

Kazi yangu ilikuwa kuuza vitenge. Sidhani kuna kazi mbaya kuliko hiyo kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Duka ni la familia ya Kihindi iliyokaa Kahama vizazi kadhaa, na bibi mwenye duka amezaliwa hapa hapa, Kisukuma anakiongea kuliko mimi niliyekulia Tabora mjini. Vitenge vinatundikwa kutoka darini mpaka chini, maua, ndege, miduara, feni inavipepea, na vyote vinacheza. Mteja akisema nimshushie kile cha juu kabisa, nilipanda ngazi nikijua nitashuka nacho kwa namna moja au nyingine. Siku niliyoshuka na rafu nzima, bibi alinikalisha kwenye kiti karibu na mlango na kunikabidhi kazi ya kupima na kukata. Alifanya hivyo kwa wema. Lakini kila mteja aliyeingia alielezwa kwa nini nimekaa, na kila mteja alikuwa na dawa.

Nyumbani nako kulikuwa na maelezo. Mimba ilipokataa kuonekana, mama mkwe alihamia kwa wazee waliokufa. Alisema babu yake mume wangu alisahauliwa tulipojenga nyumba, na kwamba mbuzi mmoja tu angemaliza maneno. Nilimwambia sisi ni watu wa kanisa. Alisema hata babu angekuwa hai angeenda kanisani, hana ugomvi na kanisa, anataka mbuzi. Mume wangu alikuwa anapiga simu kila jioni kutoka kambini, na kila jioni swali lilikuwa moja: nimekula? Nikisema nimekula, alitulia, kana kwamba ugonjwa wote ulikuwa wa njaa.

Sasa nije kwenye kanisa, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya. Kanisa letu si kubwa, lakini kwaya yake inajulikana mpaka Isaka, na nasema hivyo bila kujisifu kwa kuwa niliikuta ikiwa inajulikana. Mwalimu husimama mbele, kwenye kijukwaa cha mbao, mgongo kwa waumini, anaongoza kwa mikono. Nilikuwa nimegundua kwamba nikiwatazama waimbaji usoni na nisigeuze kichwa, naweza kumaliza wimbo. Jumapili ile tulimaliza vizuri. Kisha mchungaji akasema tusimame sote, tufumbe macho, tuombe.

Nilifumba macho nikaanguka.

Sikujua wakati ule kwamba mwili wangu ulikuwa umebaki unasimama kwa msaada wa macho tu. Nilipoyafumba, nilijiona niko sawa kabisa, nimenyooka, mpaka nilipokutana na kinanda. Kinanda kilitoa sauti zake zote kwa pamoja, tukaenda chini mimi na stendi yake. Maombi yalisimama, kisha yakaanza upya kwa nguvu nyingine. Akina mama wa kikundi cha maombi walinizunguka. Mmoja aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akasukuma, na kichwa kikisukumwa hivyo, kila kitu kilianza kuzunguka tena. Waliamuru hicho kilichomo ndani yangu kijitaje jina. Niliwaambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo pale chini, kwamba ni mimi, mwalimu wao, nimeteleza, wanipe mkono niinuke.

"Huyo anayeongea si yeye," mama mmoja akawaambia wenzake.

Niliendelea kulala. Niliona nikinyamaza wataridhika upesi, na kweli waliridhika. Walisema pepo ametoka.

Aliyetoka hakwenda mbali, maana Jumatano nilionekana nikiyumba sokoni. Na hapo habari ikabadilika. Njia yangu ya kutoka dukani inapita uchochoro wenye nyumba ya mama mmoja anayeuza pombe ya mtama. Ukuta wa nyumba hiyo ni mrefu, umenyooka, nami nilikuwa nautumia kujishikilia. Watu waliniona nikitoka kwenye uchochoro ule jioni baada ya jioni, mkono ukutani, miguu imetanuka. Mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, mwanamke ninayempenda, alinijia dukani akanong'ona kwamba yeye hasadiki, lakini watu wanasema kama si pepo basi ni chupa. Kanisa letu halina mzaha na pombe. Nilimwambia ningekuwa nakunywa ningekuwa na furaha zaidi kuliko hivi. Baadaye niliambiwa kwamba hata neno hilo lilifika kwa wazee wa kanisa, tena bila kicheko chake.

Waliniita alasiri ya Jumamosi, kwenye ofisi ndogo nyuma ya kanisa. Mama mkwe alisema atanisindikiza. Nilimkatalia, akavaa kanga yake nzuri. Nilimwambia mambo ya wazee wetu yeye hayamhusu, yeye ni Mkatoliki na hata huko hajaenda siku nyingi. Akasema hataki mkamwana wake aanguke barabarani, halafu aulizwe yeye. Tulikwenda wote, nimeshika bega lake, na nakiri kwamba bega lile lilinifaa kuliko ukuta.

Walikuwa wazee watano na mchungaji. Mwenyekiti wao ni bwana mifugo mstaafu, mtu mpole anayeongea taratibu kana kwamba bado yuko zizini na hataki kuwashtua ng'ombe. Baada ya shikamoo na marahaba na sala, ambayo niliisali macho wazi nikiwa nimeshika meza, alianza.

"Mwalimu, tumekuita kwa upendo," alisema.

Kanisani kwetu, ukisikia umeitwa kwa upendo, ujue limekupata. Akauliza kama kuna kitu chochote ninachotumia. Nikasema natumia vidonge vya kizunguzungu, nikavitoa kwenye mkoba. Vilipita mkono kwa mkono, kila mzee akavisoma kwa mbali na kwa karibu. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema maji na kitunguu saumu. Akauliza tena, kwa upole ule ule, kama nina hakika hakuna kingine, maana Mungu anasamehe, ila kwanza mtu aseme. Nilihisi machozi ya hasira yanakuja, na nikajua nikilia watasema nimetubu.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni na hakuna aliyemuuliza kitu, akasimama.

"Wazee wangu, naomba niseme," alisema. "Mimi pombe naijua. Nimeinywa tangu sijaolewa, na jana jioni nimeinywa. Aliyekunywa namjua kwa macho yake na kwa anavyocheka. Huyu mkamwana wangu hacheki siku hizi, na ananuka vidonge. Angekuwa anakunywa, angekunywa kwangu. Dumu liko chini ya kitanda changu."

Mchungaji alitazama viatu vyake. Mimi nilifumba macho, nikakumbuka, nikayafumbua haraka na kushika meza.

"Dumu liko nyumbani kwa mwalimu wa kwaya?" mzee mmoja aliuliza mwishowe.

"Liko chumbani kwangu," alisema mama mkwe. "Nyumba ni ya mwanangu."

Kuanzia hapo, kuyumba kwangu kulisahauliwa. Walijadili dumu. Walijadili kama mwalimu wa kwaya anaweza kukaa nyumba moja na pombe, kama kumheshimu mzazi kunazidi kuitakasa nyumba, kama pombe ya mtama ni kileo au ni chakula cha wazee, na hapo mzee mmoja alionyesha anaifahamu kuliko tulivyotarajia. Mwisho mwenyekiti alifunga kikao. Hawakuniona na kosa. Lakini kwa ajili ya afya yangu, na kwa ajili ya kuweka nyumba sawa, nipumzike kidogo na kwaya.

Tulirudi kwa miguu. Sikutaka kushika bega lake, na kwa sababu hiyo nilitembea vibaya sana. Nilimwambia amenimaliza.

"Walikuwa wanatafuta pombe," alisema. "Nimewapa pombe. Sasa wewe wamekuacha."

Jioni ile alihamisha dumu kwa jirani bila kuambiwa, na asubuhi akanipikia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, chakula anachojua napenda. Hatukuzungumzia jambo lile tena, lakini nilikuwa na hasira naye siku nyingi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ananishika nikienda bafuni, ilikuwa hasira ngumu kuitunza.

Mume wangu alipata habari kwa simu ya yule mwimbaji kabla sijamwambia. Alirudi mapumziko akiwa amevimba, anataka kwenda kwa wazee siku hiyo hiyo. Alisema watamtambua. Nilimwambia akae. Alikaa, akaniuliza nimekula?

Nadhani ndoa yetu haijawahi kuwa na ugomvi kama ule, na majirani walipata faida. Nilimwambia nimechoka kuulizwa kama nimekula. Siku moja aniulize kama nimeanguka. Nilimwambia nimeanguka kanisani, nimeanguka dukani, nimeanguka nikianua nguo, na kila mahali nimeokotwa na mtu mwenye ushauri. Nilimwambia nataka daktari wa masikio na kichwa, aliyesomea hayo tu, nami siondoki hapo nilipokaa mpaka aseme tunaenda lini. Alisema alidhani ni mawazo, daktari si alisema ni mawazo. Nikamwambia ndiyo, sasa ninayo.

Tulikwenda Mwanza. Safari nzima kwenye basi niliegemea kiti cha mbele nikitazama kishikio chake, kwa sababu miti ya dirishani ilikuwa inanimeza. Foleni hospitalini sitaisimulia, kila mtu anaijua. Daktari wa masikio alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotegemea. Aliniambia nianzie asubuhi ya kwanza, nikaanza, nikawa nasubiri anikate kauli. Hakunikata. Nilifika mpaka kwenye kinanda na hakunikata. Nikawa sina la kuongeza, hali iliyonishangaza mwenyewe.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nitazame pua yake nisiiache, kisha akakigeuza kwa ghafla. Kulia, macho yangu yalibaki puani. Kushoto, yaliteleza, yakarudi yakitafuta. Alirudia ili mume wangu aone. Halafu akanisimamisha nikitazama dirisha, akaniambia nifumbe macho na nipige hatua pale pale, bila kwenda popote. Nilipiga hatua. Nilikuwa na uhakika sijasogea. Aliposema nifumbue, nilikuwa natazama mlango, na mume wangu amesimama mikono mbele, uso umempauka.

Alitueleza kwa maneno ya kawaida. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kinachomwambia mtu kichwa chake kiko wapi, na kuna mshipa wa fahamu unaopeleka habari hizo kwenye ubongo. Huenda ugonjwa ule wa mafua ndio ulioushambulia mshipa wa upande wa kushoto. Kusikia nasikia vizuri, lakini habari za upande ule hazifiki. Ubongo wangu ulikuwa unapokea taarifa za sikio moja na kudhani tunageuka. Haikuwa malaria, alisema, au kama ilikuwepo ilikuwa mgeni tu. Haikuwa mawazo. Na vile vidonge nilivyokuwa nameza kila siku, alisema niviache, maana vinaulaza ubongo wakati unatakiwa ujifunze.

Nilimuuliza nitapona lini. Nilitaka aseme mwezi, au mwaka, chochote.

"Utazoea," alisema. "Kwa wengi inakuwa nafuu kubwa. Lakini sitakudanganya kwamba utarudi ulivyokuwa."

Nilimshukuru. Nje, kwenye benchi, nililia, na mume wangu alikaa kando yangu akazungusha mkanda wa saa yake. Hakuniuliza kama nimekula. Baadaye alisema polepole kwamba alipoona nimegeukia mlango bila kujua, ndipo alipoelewa. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimemweleza jambo hilo hilo miezi mingi kwa Kiswahili fasaha. Nilimwacha.

Dawa aliyonipa daktari ilikuwa mazoezi, na mazoezi hayo yaliniudhi kuliko ugonjwa. Nibandike herufi ukutani, niitazame huku nikitikisa kichwa kama mtu anayekataa. Nisimame miguu pamoja. Nitembee barabarani nikigeuza kichwa kulia na kushoto, kila siku, na kizunguzungu kikizidi nisikate tamaa, ndiyo shule yenyewe. Siku za mwanzo kilizidi kweli, nikatapika kwenye maua ya jirani. Na barabara za Nyahanga si mahali pa kutembea ukitikisa kichwa. Mama mmoja alinisalimia kwa furaha, akaona ninavyopeleka kichwa huku na huku, akadhani nakataa salamu yake. Alinuna mpaka nilipokwenda kwake kumweleza. Wengine walisema sasa imepanda kichwani kabisa. Mume wangu, alipokuwa mapumziko, alinifuata nyuma mikono imetanuliwa kama anayefukuza kuku.

"Usinishike," nilimwambia.

"Nikikuacha utaanguka."

"Niache nianguke. Nikishikwa sijifunzi."

Aliniacha, nikaanguka, akakaa palepale mpaka nilipoinuka mwenyewe. Najua ilimgharimu. Nami iliniuma goti.

Kidogo kidogo godoro likawa gumu. Sikuona siku lilipobadilika. Niligundua tu dukani kwamba nimemshushia mteja kitenge cha rafu ya kati na sijashika kitu. Kwenye ngazi sijarudi, wala sina nia. Gizani bado nahitaji tochi na ukuta. Nikichoka, au nikipata homa, yote yanarudi siku mbili tatu, nalala nikisubiri nyumba itulie.

Kanisani nilirudi kama mwimbaji, sauti ya pili, mwisho wa mstari karibu na ukuta. Aliyechukua nafasi yangu anaongoza kama anatwanga, na nimejifunza kuyavumilia hayo. Wakati wa maombi nabaki macho wazi. Watu hawajui jinsi kanisa linavyopendeza macho yakiwa wazi wakati wengine wote wamefumba. Nimewaona wanaolala, nimeona watoto wakipigana mateke, na siku moja nilimwona mwenyekiti wa wazee akisoma ujumbe kwenye simu. Aliinua macho, tukatazamana. Baada ya ibada alinifuata akaniuliza taratibu kwa nini sifumbi macho. Nikamweleza habari ya mshipa wa kushoto. Alisikiliza kwa makini, akasema aliwahi kuona ndama wa namna hiyo, alikuwa anazunguka upande mmoja tu. Nikamuuliza ndama yule ilikuwaje. Akasema walimchinja.

Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu juma lililofuata waliamua nifundishe mazoezi ya kwaya ya katikati ya juma, nikiwa nimekaa kitini, na yule mwenzangu aendelee kuongoza Jumapili. Kuna waliosema kwaya haifundishwi kwa kukaa. Nawafundisha kwa kukaa.

Mvua zilipoanza, mama mkwe alirudi kijijini kupanda mpunga. Alisema Kahama ina kelele. Mwaka huu nilikwenda kumtembelea, mume wangu akiwa kambini, na nilikwenda peke yangu kwa sababu nilitaka kwenda peke yangu. Nilimuuliza kwenye simu njia, akaniambia pikipiki initeremshe kwenye mnara wa simu, kisha nikate moja kwa moja mpaka kwake, nyumba nitaiona.

Nyumba niliiona. Kati yangu na nyumba kulikuwa na majaruba ya mpunga tu, yamejaa maji, na njia ilikuwa juu ya tuta lenye upana wa mguu mmoja, limelowa. Nilijaribu. Maji yalikuwa yanameta pande zote mbili na mpunga unayumba kwa upepo, hapakuwa na kitu kimoja kilichotulia cha kukitazama. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani alinipita kama anayetembea sebuleni kwake, akanipa pole. Nilisimama kidogo, nikawaza kurudi. Kisha nikavua viatu, nikafunga kanga juu ya magoti, nikashuka jarubani. Nilitembea kwenye tope, mkono mmoja kwenye tuta, na mwenye shamba alinipigia kelele kutoka mbali kwamba namkanyagia mpunga. Nilimwomba radhi kwa kelele na kuendelea.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani akinitazama muda wote. Nilimpa shikamoo, nimejaa tope mpaka mapajani. Aliitikia, akaniletea maji kwenye beseni, akainama kuniosha miguu mwenyewe, ingawa nilimkataza.

"Mbona hukupita njia ya ng'ombe?" aliniuliza.

Nilimuuliza njia gani ya ng'ombe.

"Ile inayozunguka kwenye migunga. Pana, kavu. Hata gari linapita."

Nilimkumbusha kwamba nilimuuliza njia kwenye simu, na kwamba anajua hali yangu kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

"Uliniuliza ya karibu," alisema, akaendelea kunisugua kisigino.

Nilikaa kwake siku tatu, na siku ya kuondoka alinisindikiza kwa njia ya ng'ombe. Ni ndefu, jua lilituwakia, na kweli ni pana. Nilitembea katikati yake, nikiyumba nilivyoyumba, naye pembeni akinieleza kwa nini mume wangu angepaswa kununua mbuzi.